Muziki Kama Ushahidi: Jinsi Tamasha la Hisani Linavyoweza Kufundisha Historia ya Holokosti

Katika miji mbalimbali ya Ulaya, Marekani na Israeli hufanyika matamasha ya hisani ambayo mapato yake huenda kwenye elimu ya Holokosti, yaani ufundishaji wa historia ya mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyotekelezwa na utawala wa Wanazi wa Ujerumani pamoja na washirika wake. Katika matamasha ya namna hii, jukwaa moja huweza kubeba mpiga fidla wa muziki wa kale wa Ulaya, mwimbaji wa nyimbo za Wayahudi wa Ugiriki na kikundi cha Waroma (watu wa jamii ambayo wengine huwaita Majipsi) kutoka Balkani. Mtu anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza maswali mawili. Je, yafaa watu kukaa ukumbini, kusikiliza nyimbo na kupiga makofi kwa ajili ya msiba ambao wengi wetu tungeuona unastahili matanga na kimya? Na kwa nini muziki wa watu wengi hivyo, ilhali waliouawa tunawataja kwa jina moja? Majibu ya maswali hayo yamefungamana. Muziki uliobaki kutoka kwa waliouawa ni sehemu ya ushahidi wa yaliyotendeka, na kwa maoni yangu tamasha huwa na thamani ya kielimu pale tu linapoutunza kama ushahidi, likimweleza msikilizaji wimbo ni wa nani, uliimbwa wapi, na aliyeuimba alipatwa na nini.

Tuanze na swali la pili, kwa kuwa linafungua la kwanza. Wayahudi wa Ulaya kabla ya vita hawakuwa na muziki mmoja. Wale wa Poland na Lithuania waliimba kwa Kiyidi, lugha yao iliyo karibu na Kijerumani, nyimbo za kubembelezea watoto, za karakana, za harusi na za vyama vya wafanyakazi. Wale wa Berlin, Vienna na Praha walikuwa ndani kabisa ya muziki wa okestra na opera, na wengi wao walijiona Wajerumani, Waaustria au Wacheki kama jirani zao. Kusini, katika mji wa bandari wa Thessaloniki huko Ugiriki, waliishi Wayahudi wapatao 50,000 ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 na kupokewa katika dola ya Uthmaniya. Hao walizungumza Kiladino, lugha iliyotokana na Kihispania cha kale, na waliimba visa vya mapenzi na bahari vilivyosafiri nao kwa zaidi ya miaka 400. Katika masinagogi ya dola hiyo, mashairi ya Kiebrania yaliimbwa kwa kufuata maqamu, yaani mifumo ya sauti, zilezile zilizotumika katika muziki wa Kituruki, na wapenzi wa taarab asilia ya Unguja wasingejiona wageni wa moja kwa moja wakisikia muziki ule, kwa maana bashrafu inayofungulia hafla za taarab ilitoka katika chimbuko hilohilo la Uthmaniya, ikatufikia kupitia Misri. Kati ya Machi na Agosti 1943 zaidi ya Wayahudi 45,000 wa Thessaloniki walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, na wengi wao waliuawa mara tu walipofika. Ulimwengu mzima wa nyimbo uliondolewa katika mji mmoja ndani ya miezi michache.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha maana ya hasara hiyo. Flory Jagoda alizaliwa Sarajevo mwaka 1923 katika ukoo wa waimbaji wa Kiladino, na nyimbo nyingi alifundishwa na bibi yake. Mwaka 1941 alitoroka kwa treni akiwa kijana, akipiga akodioni njiani, na simulizi lake mwenyewe ni kwamba abiria na mkagua tiketi walivutiwa na muziki hata hakuna aliyemhoji. Jamaa zake zaidi ya 40 waliuawa katika mji mdogo wa Vlasenica. Baada ya vita aliolewa na askari wa Kimarekani, akahamia Marekani, na kwa miongo mingi akaimba na kufundisha nyimbo za bibi yake, hadi mwaka 2002 akatunukiwa tuzo ya taifa ya walinzi wa urithi wa sanaa za jadi. Mwaka 2003, Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, ilipowekwa hatimaye bamba la kumbukumbu lililoandikwa kwa Kiladino kando ya yale ya lugha nyingine, aliimba pale wimbo wa kale wa Kiladino ambao wafungwa kutoka Ugiriki walikuwa wakiuimba kambini. Mwanafunzi anayeusikia wimbo huo pamoja na maelezo haya hujifunza jiografia ya Holokosti kwa namna ambayo ramani peke yake haiwezi kumfundisha: kwamba mauaji yaliyopangwa Berlin yalifika hadi Bosnia na Ugiriki, yakawakuta watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Ujerumani.

Waroma na ndugu zao Wasinti nao wana nafasi jukwaani hapo kwa haki, si kwa kuhurumiwa. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya 250,000 na 500,000 kati yao waliuawa na Wanazi na washirika wao, na usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 familia za mwisho zilizokuwa katika eneo lao huko Birkenau ziliangamizwa kwa gesi. Ilichukua muda mrefu mno jambo hilo kutambuliwa. Bunge la Ulaya liliitangaza tarehe 2 Agosti kuwa siku yao ya kumbukumbu mwaka 2015 tu. Sasa tazama jinsi muziki ulivyohifadhi uhusiano ambao vitabu viliusahau. Huko Maramureş, kaskazini mwa Transylvania, wanamuziki wa Kiroma walikuwa wakikodiwa kupiga katika harusi za Kiyahudi. Wayahudi wa eneo hilo walipelekwa Auschwitz katika majira ya kuchipua ya mwaka 1944, na waliorudi walikuwa wachache kiasi kwamba hapakubaki wa kuchezewa nyimbo zile. Miongo kadhaa baadaye kikundi cha muziki wa jadi cha Hungaria, Muzsikás, kilizitafuta na kuzikuta katika vidole vya wazee wa Kiroma waliozipiga ujanani, na mwaka 1993 kikatoa albamu yake ya nyimbo hizo. Jamii moja iliyoteswa ilikuwa imetunza, bila kuombwa na mtu, urithi wa jamii nyingine iliyoteswa. Tamasha linalowaweka Waroma na Wayahudi jukwaa moja lina sababu ya kihistoria ya kufanya hivyo.

Hapa ndipo pagumu. Wasikilizaji wengi huja na imani kwamba muziki ni tiba, kwamba uliwaokoa wafungwa kwa kuwapa matumaini, na waandaaji wa matamasha wana kishawishi cha kuwapa hadithi hiyo kwa sababu huwagusa wachangiaji. Ukweli una giza zaidi. Huko Auschwitz, makamanda wa kambi waliunda okestra za wafungwa na kuziamuru zipige muziki wa kwata langoni asubuhi vikosi vya wafungwa vilipotoka kwenda kazi za sulubu, na jioni viliporudi vikibeba maiti za waliokufa siku hiyo. Muziki ulisaidia kuwahesabu watu na kuwatembeza kwa mstari. Okestra ya wanawake ya Birkenau iliongozwa kuanzia Agosti 1943 na Alma Rosé, mpiga fidla mahiri wa Vienna ambaye mama yake alikuwa dada wa mtunzi Gustav Mahler. Alisisitiza nidhamu kali ya upigaji, kwa kujua kwamba uhai wa wanawake waliokuwa chini yake ulitegemea kupendezwa kwa maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi. Yeye mwenyewe alikufa kambini Aprili 1944. Wengi wa wanawake wake waliokoka. Miongoni mwao alikuwa Anita Lasker-Wallfisch, msichana mpiga selo, aliyehamia Uingereza baada ya vita na kuwa mmoja wa waanzilishi wa English Chamber Orchestra. Kwa miongo kadhaa hakutaka kukanyaga Ujerumani. Baadaye alibadili msimamo, akaanza kwenda kuzungumza na wanafunzi wa Kijerumani mashuleni, na Januari 2018 akalihutubia bunge la nchi hiyo.

Terezín, mji wa ngome ulioko kaskazini mwa Praha na uliogeuzwa kuwa geto, yaani eneo la kuwafungia Wayahudi, na kambi ya kupitishia wafungwa, unatatanisha zaidi. Wasanii wengi wa Kicheki walifungwa humo, na Wanazi waliruhusu shughuli za sanaa kwa sababu walizihitaji kwa propaganda. Rafael Schächter, kiongozi wa kwaya, aliwafundisha wafungwa wapatao 150 kuimba Requiem ya mtunzi wa Kiitaliano Verdi, misa ya Kikatoliki ya kuwaombea wafu, akitumia nakala moja ya noti na kuwafundisha kwa kukariri baada ya kazi za siku nzima. Treni za kwenda mashariki zilimnyang'anya waimbaji, akakusanya wengine, zikamnyang'anya tena, naye akaanza upya. Kazi hiyo iliimbwa mara 16. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Juni 1944, siku ya ziara ya wajumbe wa Msalaba Mwekundu. Kabla ya ziara hiyo, watu wapatao 7,500 walikuwa wamepelekwa Auschwitz ili mji usionekane umefurika. Nyumba za mitaa itakayopitiwa zilipakwa rangi, bustani zikapandwa maua, na watoto wakaimba opera ya Hans Krása, Brundibár. Wageni walitazama, wakasikiliza, wakaondoka na taarifa waliyotaka Wanazi waondoke nayo. Oktoba mwaka huohuo Krása alipelekwa Auschwitz na kuuawa pamoja na watunzi wenzake Viktor Ullmann na Pavel Haas. Schächter naye alichukuliwa mwezi huo, na hakuuona mwisho wa vita.

Kwa Schächter na waimbaji wake, maneno ya misa ile juu ya siku ya hukumu, ambapo hakuna kitakachobaki bila kulipwa, yalikuwa mashtaka waliyoweza kuyatamka mbele ya watesi wao bila kukatizwa. Kwa Wanazi, wimbo uleule ulikuwa pambo la kuficha uhalifu. Mambo hayo mawili yalitokea katika chumba kimoja, saa moja. Mwalimu anayefundisha upande mmoja tu, ama wa ushujaa ama wa udanganyifu, humpa mwanafunzi nusu ya historia, na nadhani nusu ya historia hapa ni hatari kuliko kutojua kabisa, kwa sababu wajumbe wa Msalaba Mwekundu walidanganywa kwa nusu kama hiyo.

Tunajuaje yote haya? Kwa sababu kuna watu walioziona nyimbo kuwa kumbukumbu zinazostahili kuokolewa hata pale ambapo waimbaji hawakuokoka. Shmerke Kaczerginski, mshairi na mpiganaji wa msituni kutoka geto la Vilna huko Lithuania, alizunguka akiandika nyimbo za mageto na kambi kutoka vinywani mwa manusura, na mwaka 1948 mkusanyo wake wa zaidi ya nyimbo 200 ulichapishwa New York. Humo umo wimbo wa wapiganaji ulioandikwa na kijana Hirsh Glik mwaka 1943 baada ya kusikia habari za uasi wa geto la Warsaw. Maneno ni ya Kiyidi, lakini tuni aliichukua kwa ndugu Pokrass, watunzi wa nyimbo za filamu za Kisovieti. Naye Aleksander Kulisiewicz, Mpoland asiye Myahudi aliyefungwa katika kambi ya Sachsenhausen, Ujerumani, kuanzia mwaka 1940, alikariri mamia ya nyimbo za wafungwa wenzake, zikiwemo za kwaya ya siri ya Kiyahudi iliyoongozwa na Rosebery d'Arguto, ambaye alimwomba aibebe sauti yao nje ya kambi. D'Arguto aliuawa. Kulisiewicz alitoka akiwa mgonjwa mahututi, na akiwa kitandani hospitalini alimtamkia muuguzi, naye akaandika, kurasa kwa mamia za alichokuwa nacho kichwani. Maisha yake yaliyobaki, hadi kifo chake mwaka 1982, aliyatoa kwa kuimba na kukusanya, na hazina yake leo imo katika jumba la makumbusho ya Holokosti mjini Washington.

Kutoka kwa kazi ya watu kama hao ndipo matamasha ya kisasa yanapata cha kupiga. Kiongozi wa okestra wa Kimarekani Murry Sidlin alitengeneza tamasha linaloitwa Defiant Requiem, lililoonyeshwa kwanza Portland mwaka 2002 na kupelekwa Terezín kwenyewe mwaka 2006. Linaipiga Requiem ya Verdi, likiikatiza kwa masimulizi ya waigizaji na filamu za manusura waliowahi kuimba katika kwaya ya Schächter. Mwishoni husikika sauti ya treni, wanamuziki huondoka jukwaani, na hadhira huombwa isipige makofi. Huu ni mfano mzuri wa kulijibu lile swali la kwanza. Adabu ya msibani inaweza kuwekwa ndani ya tamasha iwapo waandaaji wamelifikiria. Taasisi iliyozaliwa na tamasha hilo huandaa pia masomo ya walimu na vifaa vya kufundishia.

Mfano mwingine ni ule wa fundi wa fidla Amnon Weinstein wa Tel Aviv, aliyefariki mwaka 2024. Pamoja na mwanawe Avshalom alikarabati zaidi ya fidla 60 zilizokuwa mali ya Wayahudi wa wakati ule, na mradi wao wa Violins of Hope huzikopesha okestra za miji mbalimbali pamoja na maonyesho na vipindi vya shule. Fidla moja ilitupwa kutoka dirisha la treni nchini Ufaransa na mfungwa aliyewaambia wafanyakazi wa reli kwamba aendako hataihitaji, waichukue ili iishi. Nyingine Weinstein alikataa kuikarabati: ilipofunguliwa ilikutwa na swastika, alama ya Wanazi, na sifa za Hitler za mwaka 1936, zilizochorwa kwa siri na fundi aliyewahi kuishika, na mwenye fidla akaipiga miaka yote bila kujua. Mwanafunzi wa miaka 14 akionyeshwa fidla hizo mbili kwa pamoja, mwalimu hana haja ya kueleza sana chuki ilivyopenya katika kazi za kila siku za watu wa kawaida.

Ni lazima pia kusema kile ambacho tamasha haliwezi kufanya. Tarehe 7 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo II na Rabi Mkuu wa Roma, Elio Toaff, walikaa pamoja Vatikani katika tamasha la kuwakumbuka waliouawa katika Holokosti. Okestra ya Royal Philharmonic ya London ilipiga chini ya uongozi wa Gilbert Levine, na Zaburi ya 92 ya Schubert ikaimbwa kwa Kiebrania, mbele ya manusura waliowasha mishumaa. Siku hiyohiyo, Kigali, vizuizi vya barabarani vilikuwa vimeshawekwa, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa ameuawa asubuhi, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza. Ndani ya siku 100 yaliangamiza zaidi ya watu 800,000. Waliokuwa Vatikani hawana lawama kwa kutokujua yanayotokea wakati ule. Lakini sadfa ya tarehe hizo inamnyima mtu yeyote ruhusa ya kudai kwamba kukumbuka peke yake huzuia kurudiwa. Tena, katika Rwanda muziki wenyewe ulikuwa upande wa wauaji: nyimbo za Simon Bikindi zilipigwa redioni kuchochea chuki, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15, ingawa kosa lililothibitishwa lilikuwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti akiwa safarini, na kuhusu nyimbo majaji walipima ushahidi wa nia na matumizi kwa uangalifu mkubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuelewa okestra ya langoni Auschwitz ana mfano wa karibu wa kumkumbusha kwamba sauti tamu haina upande wake yenyewe.

Uhusiano wa elimu hizi mbili ni wa kitaasisi pia. Ndugu wawili wa Kiingereza waliofungua kituo cha elimu ya Holokosti huko Nottinghamshire mwaka 1995 ndio walioanzisha shirika la Aegis Trust, ambalo lilishirikiana na mamlaka za Kigali kujenga kituo cha kumbukumbu cha Gisozi kilichofunguliwa mwaka 2004, na humo ndani iko sehemu inayoeleza mauaji mengine ya kimbari, Holokosti ikiwemo. Uzoefu wa kuwahoji manusura, kuhifadhi vitu vyao na kuwafunza walimu ulipitishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Limebaki suala la fedha, ambalo wengi huliona dogo kumbe ndilo sababu ya tamasha kuitwa la hisani. Elimu ya Holokosti hugharimu vitu vinavyoonekana vya kawaida: mafunzo ya walimu, nauli za wanafunzi kwenda makumbusho, kurekodi na kutafsiri ushuhuda, kuhifadhi karatasi na kanda zinazooza. Walimu wasio na mafunzo huangukia mbinu zinazodhuru, kama kuwafanya wanafunzi waigize kuwa wafungwa na walinzi, jambo ambalo jumba la makumbusho la Washington huwaonya walimu dhidi yake kwa sababu hupunguza mateso halisi kuwa mchezo. Onyo hilo linawahusu waandaaji wa matamasha pia: moshi jukwaani na nguo za mistari za kuigiza haziongezi ujuzi wowote. Na muda unabana. Januari 2024 shirika la Claims Conference, linalodai fidia kwa niaba ya manusura, lilikadiria kwamba manusura wa Kiyahudi waliokuwa hai duniani wakati huo walikuwa wapatao 245,000, katika nchi zaidi ya 90, umri wao wa katikati ukiwa miaka 86. Kabla ya kununua tiketi, ni halali kabisa kwa mtu kuuliza fedha zinaenda kwenye kazi gani kati ya hizo.

Kazi ya kuhifadhi hasa haina mvuto wa kuchangisha, ila matunda yake ni makubwa. Mwaka 1946 mwanasaikolojia David Boder alizunguka Ulaya na mashine ya kurekodi kwa waya, akawahoji manusura zaidi ya 100, wengi wakiwa bado katika kambi za wakimbizi, na hapa na pale akawaomba waimbe. Rili moja ya nyimbo alizorekodi Hénonville, Ufaransa, ilipotea kwa miongo mingi hadi ilipotambuliwa katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Akron, Ohio. Mashine za kusikilizia waya wa aina hiyo zilikuwa zimetoweka, hivyo mafundi wa chuo walilazimika kutafuta moja kuukuu na kuifanyia matengenezo ili iendane na mwendo wa rili hiyo. Mwaka 2017 ikasikika: manusura wakiimba kwa Kiyidi na Kijerumani, mwaka mmoja tu baada ya vita, na miongoni mwa nyimbo umo ule wa mji mdogo unaoungua, uliotungwa kabla ya vita na Mordechai Gebirtig, seremala wa Kraków aliyepigwa risasi katika geto la mji huo Juni 1942.